Jioni ya chokoleti kwa watoto: ya vipande au unga wa kakao?

Kila tukipanga jioni ya chokoleti kwa watoto wa kikundi hapa Malindi, ubishi huwa uleule.

Kwa bei, unga haushindiki: kopo moja, sukari na maziwa, watoto 30 wanakunywa. Ya vipande inatoboa mfuko, hasa ile halisi yenye siagi ya kakao.

Joto ndilo kesi yenyewe. Siagi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na Februari yetu haiko mbali na hapo. Ibebe kwa tuktuk mchana, inafika uji. Tena matone machache ya maji yakiingia bakulini wakati wa kuyeyusha, inashikana madonge. Embe ya kuchovya yenye maji maji ikaushe kwanza kwa kitambaa (mimi nilijifunza kwa hasara). Unga hauna deko hilo, ila funga kopo, unyevu wa bahari haukosi pa kupenyea.

Kwa raha, kuchovya ndizi hakuna mfano wake, japo kuosha vyombo baadaye ni adhabu. Mna friji na watoto 10? Yeyusheni. Mko uani bila umeme na watoto 50? Korogeni kakao.