Noah yangu na seti mbili za tairi: 205/70 zilizonitesa, 205/65 nilizobaki nazo

Wiki tatu nzima, kila nilipokata kona kali nikiwa na mzigo, tairi ya mbele kushoto ililia krrr, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Gari ni Noah ya mwaka 2004, injini ya lita 2, na tairi zilikuwa mpya kabisa, laki moja na hamsini kila moja. Nimezitoa. Natumia seti nyingine, miezi minane sasa, na kwa kuwa hapa Mwanga, Kigoma mjini, watu hawaachi kuniuliza nimefunga nini, acha niandike mara moja yaishe.

Chanzo ni shamba. Mama watoto analima maharage Kalinzi. Kutoka Mwandiga ukishika njia ya Manyovu ni lami, kilomita kama 60 hadi Manyovu yenyewe, huna cha kulalamika. Kazi inaanza ukiacha lami kuingia shambani. Maji ya mvua yamechimba pande mbili za njia, katikati kumebaki mgongo wa udongo mwekundu wenye mawe, na Noah ikishabeba magunia manne, ule mgongo na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, vinasalimiana kwa majina. Nikasema dawa ni tairi kubwa, gari linyanyuke.

Nikaenda duka moja la tairi mjini, na kosa nikalifanya pale pale mlangoni.

"Kuna tairi kubwa kidogo inayoingia kwenye Noah?"

"Ipo mzee. Hii 205/70. Inaingia bila tabu, kila siku tunafunga."

Hakunidanganya. Iliingia. Ringi ya 15 na tairi ya 15, itakosaje kuingia? Nilichotakiwa kuuliza ni kama itazunguka, usukani umekatwa hadi mwisho, watu wamekaa, magunia yamekaa, na gurudumu moja limepanda tuta. Hilo sikuuliza, na yeye hakuwa na sababu ya kunikumbusha.

Nilipoona plastiki ya ndani ya madigadi imesuguliwa mstari mweusi unaong'aa, upana wa kidole, nikarudi dukani. Wakasema zimeshakanyaga barabara, hazirudi. Sawa. Ndipo nikaanza kusoma namba ambazo nilikuwa naziangalia miaka yote kama mapambo.

Kibandiko cha mlango wa dereva kimeandika 195/65R15. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 si milimita, na hapa ndipo wengi tunapoteleza: ni asilimia, yaani kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya ule upana. R ni aina ya ufumaji, radiali. 15 ni ringi kwa inchi. Kwa hiyo ubavu ni 195 mara 0.65, milimita 126.75. Ubavu upo juu na chini, zidisha mara mbili, jumlisha ringi (inchi 15 ni milimita 381), unapata kimo cha tairi nzima: 634.5. Fanya hivyo hivyo kwa 205/70R15, inakuja 668. Angalia mtego ulipo: upana umeongezeka na asilimia nayo imeongezeka, vyote viwili vinasukuma kimo. Kwa macho ni namba mbili zilizosogea kidogo. Kwa gari ni sentimita 3.35, zaidi ya asilimia 5.

Kwenye simu kuna vikokotoo vya kazi hii. (Mtumishi mwenzangu, usishtuke, hiki si kile cha mafao ya kustaafu.) Unaingiza saizi ya zamani na mpya, kinakupa kimo, mzunguko, na kasi halisi dhidi ya ile inayosomeka kwenye dashibodi. Nimejaribu vitatu, vyote vinatoa jibu moja kwa sababu hesabu ni hiyo hiyo. Nakipa nyota nne. Ya tano nainyima kwa sababu mbili ambazo mimi zimenigharimu.

Ya kwanza, kikokotoo hakijawahi kuiona Noah yangu. Hakijui springi zangu zimechoka kiasi gani wala kama madigadi ilishagongwa ikanyooshwa. Ya pili, kinalinganisha tairi mpya na tairi mpya, wakati mimi nilikuwa natoka kwenye tairi zilizoisha. Tairi mpya ya gari dogo huwa na meno ya milimita 8 hivi. Zangu za zamani zilibaki na 2. Hizo 6 zimepungua juu na zimepungua chini, jumla kimo kimeshuka milimita 12. Sasa linganisha: kutoka 195/65 kwenda 205/65, zote mpya, kimo kinaongezeka milimita 13. Maana yake sehemu kubwa ya ule ufupi niliokuwa naulalamikia shambani haukuwa saizi ya tairi. Ulikuwa kipara.

Kujua nafasi niliyonayo nilitumia unga wa ngano. Nilirudisha tairi za zamani, nikakanda donge gumu kama la chapati, nikaligawa vipande vitatu, nikavibandika kwenye plastiki ya madigadi pale penye ule mstari mweusi. Kabla ya hapo nilipakia magunia, nikawaita vijana watatu wa mtaani wakae. Nikapandisha gurudumu la kushoto kwenye jiwe, nikakata usukani wote kushoto, kisha wote kulia, polepole. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni ananitazama nauliza vijana "imegusa? imegusa?" na hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kusema. Donge lililobinywa zaidi lilibaki na unene wa sentimita 2 kamili, nikalipima kwa rula ya mtoto.

Kwa hiyo nafasi yangu ni milimita 20 kutoka kwenye tairi iliyoisha. 205/70 mpya inasogea karibu na plastiki kwa nusu ya tofauti ya kimo, milimita 16.75, ongeza 6 za meno mapya: 22.75. Imezidi karibu milimita 3. Ndizo zile zilizokuwa zinalia krrr. 205/65 mpya inakula 6.5 na 6, jumla 12.5, inabakiza 7.5. Hapo nikalala usingizi.

Nilifikiria na njia nyingine. Shemeji yangu alinishawishi nifunge spoti rimu za 17 "gari lipendeze". Nikamfanyia hesabu ya 215/45R17 aliyokuwa anaitaka: kimo milimita 625, fupi kuliko tairi ya kiwandani, na ubavu hata sentimita 10 haufiki. Ringi imekuwa kubwa, mpira umebaki kiganja. Kwa mashimo yetu haya utakuwa unanyoosha ringi kila mwezi. Yeye amefunga. Tunaheshimiana.

Nyingine ni 195/70R15C, zile za magari ya mizigo. Hizo nazo ni ndefu, 654, na zinabeba kweli. Tairi ya kawaida ya Noah imeandikwa 91 baada ya saizi, namba ambayo kwenye jedwali ni kilo 615 kwa tairi moja. Hizi za C nilizoziona ziliandikwa 104, kilo 900. Kama kazi yako ni mizigo kila siku, ningekwambia uziangalie. Ila ubavu wake ni mgumu na zinataka upepo mwingi zaidi, na mimi Jumapili nabeba wazee kanisani. Nilichokataa kabisa ni kushuka chini ya 91. Kuna tairi za bei nzuri zenye namba ndogo zaidi ya hiyo, usidanganyike na saizi kufanana.

Basi nikafunga 205/65R15 zenye 94, ambayo ni kilo 670. Nilisoma na tarehe: zile tarakimu nne kwenye ubavu, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Muuzaji wa duka la pili alinishangaa nimepiga magoti namulika kwa simu.

Matokeo. Kutoka chini hadi sampu nimeongeza sentimita 1 na kidogo, kama hesabu ilivyosema. Hakuna krrr. Usukani umekuwa mzito kidogo gari likiwa limesimama, ukitembea husikii. Kwenye lami ya Manyovu nilipima kasi kwa simu. Na tairi za zamani, dashibodi ikisema 80 simu ilisema 76, kwa sababu dashibodi kwa kawaida hutengenezwa izidishe kidogo. Na zile 205/70, dashibodi 80, simu 81 hadi 82. Sasa ni 79. Nawaachia wenyewe mfikirie habari ya 205/70, kibao cha 50 na askari mwenye tochi. Hata odomita iliniyumbisha: safari ya Mwandiga hadi Manyovu iliyokuwa inasoma 60 na kidogo ilisoma 57 na zile kubwa, nikaanza kumgombeza fundi kwamba gari linakula mafuta. Gari lilikuwa halijabadilika. Kilomita ndizo zilizokuwa hazihesabiwi.

Na hapa ndipo naona haya kidogo. Fundi wa chini aliyenifungia alinyanyua gari kwa jeki, akatazama nyuma, akasema, "Mzee, springi zako zimekaa kama mzigo umo wakati haumo." Nikabadilisha springi za nyuma. Nyuma palipanda sentimita 3. Kwa sampu, ambayo iko mbele, si nyingi hivyo, lakini bampa la nyuma na egzosi haviburuzi tena tukitoka shambani. Ningeanza na springi na tairi za saizi ile ile ya kibandiko, labda nisingehitaji hata hii 205/65. Silalamiki, nimeipenda, ila sitamwambia mtu kwamba tairi ndiyo iliyoniokoa.

Kitu kimoja nilisahau na kikanikumbusha chenyewe. Spea. Nilinunua nne, spea ikabaki 195/65 yenye kipara. Nikapata pancha ya mbele saa mbili usiku, nikaifunga, na gari likawa linavuta upande mmoja hadi nyumbani. Magurudumu mawili ya mbele yenye vimo tofauti yanailazimisha difu, ile gia inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, ifanye kazi muda wote hata njia ikiwa imenyooka. Nilienda taratibu, kesho yake nikanunua ya tano.

Zile 205/70 zilikaa stoo miezi miwili. Akaja mwalimu mmoja mwenye Honda CR-V ya zamani, ile ya miaka ya 1990, akataka bei. Nikamwambia laki moja moja, hasara yangu laki mbili. Hakutoa hela. Alitembea hadi kwenye gari lake, akafungua mlango wa dereva, akainama, akafuta vumbi kwenye kibandiko kwa kidole gumba, akasoma: 205/70R15. Ndipo akaingiza mkono mfukoni.