Majedwali ya Kuwinda Madubwana: Lipi Linunuliwe Kwanza

Kwa anayecheza peke yake mchezo wa mezani wa kuigiza mhusika wa hadithi, jedwali ndilo msimulizi: unarusha dadu, unasoma mstari ulioangukia, hadithi inasonga. Ndiyo maana huumia mtu anaponunua kijitabu kwa kuvutiwa na joka la jaladani, kisha akute ndani safari na vita havijuani kabisa. Kwangu kipimo cha kwanza ni hiki: yanayokukuta njiani yabadilishe namna utakavyomuua mnyama.

Mstari usemao “daraja limevunjika” unakuchelewesha tu. Lakini “miti imekwanguliwa hadi vileleni, yote upande wa kushoto” unakufanya uwaze. Huenda mguu wake wa kulia ni mbovu, na siku ya kukutana naye tayari una pa kulenga.

1. Jedwali la safu za kuunganisha. Hili ndilo la kununua kwanza. Dadu mbili za pande 6 husomwa moja kama makumi, nyingine kama mamoja, kuanzia 11 hadi 66, yaani mistari 36 kwa kila safu. Ukiwa na safu tatu, tuseme mahali, dalili ya mnyama na kikwazo, unapata michanganyiko 46,656 ndani ya kurasa chache. Ubora wake unategemea safu kuoana. Chukua ukurasa wa sampuli, rusha mara kadhaa, uone kama unapata tukio au maneno yaliyogongana. Muuzaji asiyeonyesha hata ukurasa mmoja, mwache.

2. Karata. Uzuri wake ni kwamba karata iliyotoka hairudi mpaka uchange upya, kwa hiyo safari haijirudii. Tafuta kijitabu kinachotumia karata 52 za kawaida kabla ya kufikiria seti maalumu, ambayo mara nyingi unailipia michoro.

3. Jedwali la jumla ya dadu mbili. Kwa safari ni finyu, maana lina matokeo 11 tu. Kwa pigano lenyewe silioni mpinzani. Jumla ya 7 ina njia 6 kati ya 36, ilhali 2 na 12 zina njia moja moja. Mwandishi makini huweka mashambulizi ya kawaida katikati na balaa pembeni, na dubwana linakuwa na tabia unayoweza kuisoma.

4. Orodha ndefu ya mistari 100. Inavutia kwa wingi wake, ila wingi huo unadanganya. Ukirusha mara 13 tu, uwezekano wa angalau mstari mmoja, wowote ule, kujirudia umeshapita nusu. Kwa orodha ya 20, mara 6 zinatosha kufika hapo. Inunue kama nyongeza, hasa ya majina na hali ya hewa.

5. Programu ya simu. Ni ya haraka, lakini nyingi huficha orodha yao, na mstari usioupenda huwezi kuufuta na kuandika wako.

Ukichagua faili la kuchapisha, hakikisha maandishi hayajalazwa juu ya picha nyeusi: picha hiyo itameza wino na hutabaki na nafasi ya kuandika pembeni.