Mimea ya nyuma ya tanki dogo, kaduka ka samaki Mwanjelwa

Wadau wa samaki wa mapambo hapa Mbeya, kuna kaduka kamejibanza kwa ndani huko Mwanjelwa, jina naliacha maana kuna sehemu nitawasema. Nilifuata mimea ya nyuma, tanki lenyewe dogo tu, lita 40, kimo kama sentimita 30 hivi, na kwa saizi hiyo mimea ya nyuma ndo inaficha hita na bomba la filta kwa hiyo huchukui tu chochote cha kijani.

Valisneria yao, mmea wa majini, nawapa maua yao. Wanaiuza kwa fungu kama mchicha, elfu tatu, mizizi myeupe imeshiba, majani marefu membamba. Ukipanda, pale majani yanapoanzia paache juu ya changarawe, ukipafukia panaoza. Wiki za mwanzo majani ya zamani yanaweza kuyeyuka yote, usiing'oe, mizizi ikiwa migumu inachipua upya halafu inaanza kutambaa chini chini inatoa watoto mpaka unagawia majirani. Ila uliza ni aina ipi, maana ile ya spiralisi inapita nusu mita kirahisi, kwenye tanki fupi inalala juu ya maji inaziba taa, ile ya nana ndo nyembamba na inakaa vizuri. Na baridi yetu ya Juni na Julai haiisumbui hata umeme ukikatika usiku hita ikazima, ndugu zake si wanaota Ziwa Nyasa hukohuko.

Kabomba, mmea mwingine wa majini, ni nzuri kwa macho, ila inataka taa kali. Kwa hizi taa za kawaida, chini inapukutika unabaki na vijiti vyenye kishungi juu, mi niliipita.

Mmea wa tatu, honwoti, nayo wanayo, bei ya chini zaidi. Haina mizizi, unaifunga kwenye jiwe au unaiacha ielee, inakua haraka na inakula uchafu wa samaki ule unaoleta ukijani kwenye kioo. Kero yake inamwaga visindano, filta unaisafisha kila mara.

Sasa lawama. Kwenye tanki la maonyesho wamezamisha zile bambuu za bahati, mpaka majani yapo chini ya maji, na wanawauzia watu eti mmea wa tanki. Ile ni drasena jamani, ya nchi kavu! Mizizi majini sawa, majani lazima yawe hewani, ukiizamisha yote inaoza polepole inakuchafulia maji. Nikamwambia dogo muuzaji, akacheka, "Braza, wateja ndo wanaipenda hiyo." Duka linalojua kuchagua valisneria namna ile halina sababu ya kufanya hivyo.

Kufunga wanafunga vizuri, gazeti bichi, inafika Uyole haijanyauka. Ukichukua mafungu mawili bei wanashusha, na konokono wanakuja humohumo bure, kwa hiyo suuza majani na mizizi kabla hujapanda.