Sansui AU-607 ya Japani: niliyoyakuta ndani na inavyopiga sasa

Amplifaya hii niliinunua kwenye duka la vitu vilivyotumika kutoka Japani ikiwa haiwaki kabisa, na muuzaji aliniambia wazi kuwa anaiuza hivyo hivyo. Nimeifungua, nimeisafisha, nimeitengeneza, na sasa ndiyo inayopiga santuri sebuleni kwangu. Mpenzi wa muziki mwenye subira ya kushika pasi ya kulehemu, nunua. Unayetaka kuchomeka na kusikiliza leo leo, iache.

Sansui walianza mwaka 1947 kwa kutengeneza transfoma, na AU-607 ilitoka 1976 ikiwa na wati 65 kila upande kwa spika za omu 8. Kwa sebule ya kawaida huo ni uwezo mkubwa. Ni amplifaya peke yake, haina redio ndani, na kwangu hilo ni nafuu. FM ya Japani ya wakati ule iliishia 90 MHz, kama wanavyojua wenye magari ya huko, hivyo ukinunua mashine yao yenye redio, stesheni zetu nyingi hutazipata.

Tatizo la kwanza ni umeme. Mashine za soko la ndani la Japani ni za volti 100, na ukutani kwetu kuna 230. Akitokea mtu akaichomeka moja kwa moja, bahati ikiwa yake fyuzi hukatika. Ikiwa si yake, transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zinaungua nayo. Yangu nadhani ilipitia hapo, maana nilikuta fyuzi zimekatika ila transista zote zilipima vizuri kwenye mita. Nunua transfoma ya kushusha umeme, na uangalie sana: nyingi madukani zinatoa 110 kwa ajili ya vifaa vya Marekani. Tafuta inayotoa 100 kamili. Nilichukua ya 500 VA ili isifanye kazi kwa kuhema.

Kazi yenyewe iko kwenye gundi. Sansui wa miaka hiyo walishikilia kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) kwenye bodi kwa gundi ambayo ikiwa mpya ni ya rangi ya maziwa ya chai, ila joto la miaka mingi linaigeuza kahawia iliyoiva. Ikifika hapo inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vifaa vilivyo karibu. Chini ya kapasita moja kubwa nilikuta mguu wa rezista umeota kutu ya kijani. Nilipougusa kwa kijiti, ukakatika. Gundi hii usiibandue kwa bisibisi, utakwangua njia za shaba. Ilowanishe kwa spiriti, subiri ilainike, kisha ikwangue taratibu kwa kijiti cha mbao. Inachosha kweli, lakini bila hivyo kila utakachobadilisha kitaharibika tena.

Kapasita ndogo za elektrolaiti nilibadilisha zote, nikachukua za nyuzi joto 105, zenye volti sawa na za zamani au zaidi. Piga picha bodi kabla ya kuchomoa chochote, kwa sababu upande wa hasi ukigeuzwa kapasita inaweza kupasuka. Swichi na vitufe vya sauti vilikuwa vinakwaruza. Dawa ya kusafishia kontakti na kuvizungusha mara nyingi kukamaliza.

Kuiwasha mara ya kwanza, unganisha balbu ya nyuzi ya wati 100 kwa mfululizo kwenye waya unaoleta umeme wa 230 kwenye transfoma. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, uko salama. Ikibaki kuwaka kwa nguvu, zima, kuna shoti. Yangu ilififia, na baada ya sekunde chache rilei, swichi ya ndani inayounganisha spika, ikalia tap. Kabla ya kufunga spika nilipima DC, umeme wa moja kwa moja usiotakiwa kufika kwenye spika, kwenye sehemu za kuunganishia spika: chini ya milivolti 10 pande zote mbili. Hapo ndipo nilipofunga spika.

Sauti? Niliweka santuri ya dansi ya inchi 7, na gitaa la besi likasikika noti kwa noti, halijafunikwa na ngoma. Magitaa ya solo na rizim, ambayo kwenye spika za bluetooth huchanganyikana, hapa kila moja lina mahali pake. Nasikia mpiga rizim anapobadilisha mkono kuingia chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo. Tundu la kuingizia sauti ya santuri ni kimya, halina mvumo.

Lawama ninayo moja. Gharama ya transfoma, kapasita na dawa imenikaribia bei ya amplifaya yenyewe, na bado upande wa kulia mara nyingine unachelewa kuingia ikiwashwa baridi. Ni kontakti za rilei zimechoka. Naagiza mpya, maana hizo za zamani kuzisugua kwa msasa ni kuahirisha tu.