TAHADHARI: "Hina nyeusi ya asili" inayoficha mvi kwa nusu saa si hina

Ndugu zangu mnaopaka hina kuficha mvi, nawaomba msome hili kabla hamjafungua pakiti nyingine. Kuna muuzaji mtandaoni anauza unga anaouita "hina nyeusi ya asili, asilimia mia, haina kemikali". Niliununua, nikaupaka mara tatu, na mara ya tatu niliamka macho hayafunguki kwa uvimbe. Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu amelibadilisha mara mbili tangu nianze kumfuatilia. Mnachotakiwa kukijua ni bidhaa yenyewe, maana wanaoiuza si yeye peke yake.

Nianze na jambo ambalo lingeniokoa kama ningelijua mapema. Hina haitoi rangi nyeusi. Majani ya mhina yana kitu kimoja kinachoshika nywele na ngozi, kinaitwa lawsoni, na rangi yake ni ya chungwa inayokwenda kwenye wekundu. Unywele mweusi ukipakwa hina unabaki mweusi, ila juani unang'aa kwa wekundu. Mvi hazina rangi ya kushindana nayo, kwa hiyo zinageuka rangi ya shaba. Ni hivyo hata hina iwe safi namna gani, hata ilale kichwani usiku kucha. Anayekuambia kwamba hina yake peke yake inafanya mvi ziwe nyeusi tii, ama hajui anachouza, ama anakijua vizuri sana.

Mimi nilivutwa na muda. "Dakika thelathini tu, unasuuza, unatoka." Aliyewahi kupaka hina ya kweli anajua shughuli yake: unakoroga kwa maji ya vuguvugu na kitu chenye uchachu kama ndimu, unafunika, unasubiri saa kadhaa mpaka juu ya mchanganyiko pageuke kahawia huku ndani bado ni kijani. Ndipo unapaka, unafunga kichwa, unakaa nayo saa mbili, tatu, hata nne. Na ukishasuuza bado rangi haijatulia, inaendelea kukolea siku mbili tatu. Mtu mwenye kazi na watoto akiahidiwa nusu saa, anasikiliza.

Kilichonimaliza kabisa ni ushuhuda wa wateja. Ulikuwa mwingi, na watu walionekana ni watu kweli. Nitaurudia huo ushuhuda huko chini, kwa sababu ndio ulio na hatari kuliko pakiti.

Dalili zilikuwepo, sikuzisoma. Hina nzuri ina harufu ya majani makavu, na unga wake ni wa kijani kilichofifia. Huu ulikuwa kahawia iliyokoza, na nilipoutia maji ulitoa harufu kali iliyonipanda puani. Kabla sijamaliza kukoroga, kingo za bakuli zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi. Nilifurahi, nikasema kweli hii ina nguvu. Mara ya kwanza mvi zote za panjani zikazama, sikuhisi chochote. Mara ya pili, baada ya wiki tano hivi, masikio yaliwasha kidogo jioni, asubuhi yakatulia. Mara ya tatu nilianza kujikuna nyuma ya masikio usiku uleule. Kulipokucha kope zilikuwa zimevimba kama nimeng'atwa na nyuki, na kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, kote unga ulikogusa ngozi, palikuwa na malengelenge madogomadogo yanayotoa maji. Mto ulikuwa umelowa.

Nikamtumia picha. Jibu lake nimelihifadhi: "Pole mpendwa, hizo ni kemikali za rangi ulizotumia zamani zinatoka. Ngozi inajisafisha. Rudia baada ya wiki mbili utaona inakubali." Jamani, ule ushauri wa kurudia ungeweza kunipeleka pabaya zaidi. Nilipomwambia nimekwenda hospitali, alinibloku.

Nikaichukua ile pakiti nikaikagua upya. Nyuma, mahali pa viambato, palikuwa na stika nyeupe imeandikwa "unga wa majani ya hina, amla, mitishamba". Pembe moja ilikuwa imeinuka. Niliilowesha kwa pamba, nikaikwangua taratibu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na maandishi ya kiwandani, madogo sana, na katikati yake neno refu: p-Phenylenediamine. Chini zaidi palikuwa na onyo la kuvaa glovu na kujaribu kwenye ngozi saa 48 kabla ya kutumia. Kiwanda kilikuwa kimeonya. Muuzaji ndiye aliyeliziba onyo, kwa mkono wake, pakiti baada ya pakiti.

Kemikali hiyo kwa kifupi huitwa PPD. Ndiyo inayotia weusi kwenye rangi nyingi za dukani, na ndiyo iliyo ndani ya ile kanta au piko tunayoijua. Sisemi kila anayeuza kanta ni tapeli. PPD inaruhusiwa kwenye rangi za nywele katika nchi nyingi kwa kiwango maalumu; Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu izidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaopakwa kichwani. Mtu akikuuzia kanta akakwambia hii ni kanta, ukasoma onyo, ukajipima, umeamua mwenyewe. Huyu alininyima uamuzi huo. Nilinunua kwake hasa kwa sababu nilikuwa naikimbia kemikali hiyohiyo.

Daktari wa ngozi alinifanyia kipimo baada ya uvimbe kuisha. Unabandikwa plasta ndogondogo mgongoni, kila moja na kitu chake, zinatolewa baada ya siku mbili, halafu unarudi tena siku kadhaa baadaye kusomwa. Zote zilikuwa kimya isipokuwa sehemu moja, nyekundu, imeinuka, na vipele vya maji juu yake. Aliniambia mzio wa PPD ukishaingia hautoki. Maana yake ni kwamba sipaki tena rangi yenye PPD maisha yangu yote, na natakiwa kuwa mwangalifu na baadhi ya dawa za ganzi za kupaka na baadhi ya rangi za nguo, kwa sababu mwili unaweza kuzichanganya na adui yule yule.

Sasa turudi kwenye ushuhuda. Mzio wa namna hii hauji siku ya kwanza. Mwili hukutana na kemikali, ukaitambua, ukaiwekea kumbukumbu. Yanaweza kupita matumizi kadhaa, hata miaka, ndipo siku moja ukalipuka. Na ukilipuka, mara nyingi ni siku moja hadi tatu baada ya kupaka, si palepale. Mama yangu mdogo alipaka pakiti kutoka oda ileile, hadi leo hajapata kitu. Nilipomwambia aache alinijibu, "Mwanangu, mbona mimi sijambo?" Hasemi uongo, na wengi wanaomsifu muuzaji hawasemi uongo. Ila wanaongea kutoka siku ambayo hatari haijajitokeza. Ndiyo maana idadi ya waliofurahi haikupi uhakika wowote kuhusu kichwa chako.

PPD si kitu pekee kinachofichwa kwenye pakiti za hina. Zipo zinazotiwa chumvi za madini, kama risasi, shaba au fedha, ili rangi ikolee haraka. Hizo ndizo zilizoifanya hina isingiziwe kwamba haipatani na rangi ya saluni: nywele zenye chumvi hizo zikikutana na haidrojeni peroksaidi zinaweza kupata moto, kutoa moshi na kukatika. Hina tupu haifanyi hivyo. Risasi ni sumu ya wazi kabisa. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kuiondolea kibali chake katika rangi za nywele. Zipo pia pakiti zilizotiwa rangi ya kijani ili hina iliyozeeka ionekane mbichi, na zilizoongezwa mchanga. Hizi mbili za mwisho zinakuibia tu pesa. Kijani cha bandia utakiona ukiweka unga kwenye karatasi laini nyeupe na kudondoshea maji, kinachuruzika mara moja. Mchanga, koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, utauona umekaa chini.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha nywele zilizotoka. Kusanya mvi kwenye kitana chako, zifunge kwa uzi, vaa glovu, zipake mchanganyiko na uzitazame baada ya nusu saa. Zikiwa nyeusi, hiyo si hina, na umejua bila kuugusisha unga kwenye ngozi yako. Hina ya kweli kwa muda huo itakuwa imeziacha na uchungwa hafifu.

Anayetaka weusi kwa mimea, ipo njia, ila haina haraka. Unapaka hina kwanza, unasuuza, kisha unapaka unga wa majani ya indigo, ambao nao ni wa kijani. Indigo haitaki uchachu wala kulazwa. Unakoroga kwa maji, unasubiri kama robo saa, unapaka na kukaa nayo saa moja hadi mbili. Zinachukua nusu siku zote mbili. Muuzaji mkweli atakwambia hivyo, na atakuuzia pakiti mbili tofauti zenye majina ya mimea: Lawsonia inermis kwa hina, Indigofera tinctoria kwa indigo. Ukiona kwenye maelekezo unaambiwa uchanganye na chupa ya "krimu ya kuamshia rangi", hiyo ni rangi ya kemikali.

Jambo moja la haraka kwa wenye watoto: hata hina safi isipakwe mtoto mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwa sababu inaweza kumvunjia chembe hizo. Hilo halihusiani na utapeli, lakini nisingependa linipite.

Kama tayari umepaka na kichwa kinawasha, suuza kwa maji mengi na shampuu laini, usijikune, usipake tena kwa kuambiwa "inatoa sumu". Uso ukivimba, au koo likibana, au pumzi ikawa nzito, nenda hospitali saa hiyohiyo. Nenda na pakiti. Usiitupe kwa hasira kama nilivyotaka kufanya. Ndiyo itakayomwonyesha daktari ulichopaka, na ndiyo ushahidi wako ukipeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia vipodozi nchini kwako. Hifadhi pia mazungumzo na risiti ya malipo kabla hajakubloku.

Ukurasa mpya umefunguliwa wiki iliyopita. Pakiti ni ileile, stika sasa ni ya kijani. Chini ya picha kuna ushuhuda unaosema: "Mvi za panjani zimepotea zote na kichwa hakikuniwasha hata kidogo, asante dada." Maneno hayo ni yangu. Niliyaandika siku mbili baada ya kupaka mara ya kwanza, nimemwomba ayafute kupitia namba tatu tofauti, na bado yapo.