PostgreSQL 14.4 kutoka msimbo chanzo: uzoefu wangu Kikuubo

"Mwanangu, sabuni iko hapa naiona, mashine inasema hakuna." Hajati aliniambia hivyo mkono ukiwa juu ya katoni. Ilikuwa Juni 2022. Mimi ndiye ninayetunza seva ya duka lake la jumla hapa Kikuubo, Kampala, na hesabu yote ya stoo ilikuwa ndani ya PostgreSQL 14.3, programu ya hifadhidata. Nikafungua jedwali zima: sabuni ipo. Nikaitafuta kwa namba yake: haipo.

Kumbe faharasa, orodha ambayo hifadhidata huitumia kupata mstari haraka, ndiyo iliyoharibika. Siku chache nyuma nilijenga upya faharasa zote kwa amri ya REINDEX CONCURRENTLY, inayofanya kazi huku mauzo yakiendelea, ili wauzaji wasisimame, na matoleo ya 14.0 hadi 14.3 yalikuwa na hitilafu kwenye amri hiyohiyo: mauzo yakiendelea wakati wa ujenzi, baadhi ya mistari huachwa nje ya faharasa, kimya kimya, bila ujumbe wowote wa kosa. Hilo ndilo lililonitia hofu. Toleo la 14.4 lilitoka tarehe 16 Juni, nje ya ratiba yao, kuziba tundu hilo. Kifurushi cha mfumo wetu, yaani toleo lililokwisha kujengwa tayari kusakinishwa, kilikuwa hakijafika, nami sikuweza kungoja huku duka likiuza.

Nikapakua msimbo chanzo, yaani programu kama ilivyoandikwa na watengenezaji. Ni mdogo, hata bando la siku linatosha. Kukompaili kwenyewe, yaani kuugeuza uwe programu inayoendeshwa, hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba sikuweka chaguo la OpenSSL, maktaba ya usimbaji, seva ikagoma kuwaka kwa sababu faili la mipangilio linadai SSL, yaani mawasiliano yaliyosimbwa. Tafadhali, kabla ya kuanza, endesha pg_config --configure ya toleo la zamani unakili chaguo zake zote. Jenga na contrib pia, folda ya nyongeza za PostgreSQL, maana pg_amcheck, zana ya kukagua faharasa, inahitaji kiendelezi cha amcheck kilichomo humo. Data haikuhitaji kuhamishwa: 14.3 na 14.4 husoma folda ileile. Chukua bekapu hata hivyo.

Wengi hukosea hapa: toleo jipya haliponyi faharasa ambayo tayari imeharibika. Duka lilipofungwa niliendesha pg_amcheck kwa chaguo la --heapallindexed, linalohakikisha kila mstari wa jedwali umo ndani ya faharasa, ikanionyesha faharasa tatu mbovu, nikazijenga upya moja moja.

Programu hii naipenda na naendelea nayo. Ila kila toleo jipya likitoka, kazi ya kukompaili inakuwa yako, kwa hiyo kifurushi kilipofika nilirudi kwacho. Asubuhi baada ya kuzijenga upya faharasa zile, Hajati aliandika namba ya sabuni mwenyewe, katoni zote zikatokea.