Ngome Kongwe kwa mchezo wa kisasi: panafaa, ila uso wa Claudius usipotee

Kwa kundi linalotafuta pahala pa kuchezea Hamlet, mchezo wa Shakespeare wa mwana wa mfalme anayetakiwa amlipie baba yake kisasi, hapa Unguja, ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe, Forodhani, tunaupa alama ya juu. Mzimu wa mfalme, baba yake Hamlet, hutokea usiku juu ya boma, na boma lipo, la mawe, tangu Waomani walipowatoa Wareno. Pesa za mbao na rangi zitieni kwenye taa.

Taa ndiyo kazi khasa. Mchezo huu hausimami kwa panga, unasimama kwa uso wa Claudius, ami yake Hamlet, aliyemuua nduguye na kukalia kiti chake. Katika sehemu ya 3 Hamlet anawachezesha waigizaji kifo kinachofanana na cha baba yake, kisha yeye na rafiki yake Horatio wanamkodolea macho huyo ami. Watazamaji nao lazima wamuone. Akikalishwa mbele, kawapa watu mgongo, ushahidi wote umepotea na kisasi kinabaki dhana. Mkalisheni ubavuni, kwenye kiti kirefu, na taa yake peke yake.

Linafuata tukio la sala. Hamlet anamkuta Claudius anasali, anaurudisha upanga, anaogopa kumpeleka peponi mtu aliyepiga magoti. Akishatoka tu, Claudius anakiri kuwa maneno yamepaa, moyo umebaki chini. Toba ilikuwa ya magoti tu! Isemwe polepole, kwani upepo wa kusi hula silabi za mwisho. Vinasa sauti vivikwe sponji.

Anzeni saa mbili usiku, Isha ikishapita. Mchezo mzima huchukua muda wa kama saa nne. Upunguzeni, muda wa saa mbili u nusu watosha. Wengi humfuta Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norwe, na hilo ni kosa: vijana watatu wameuliwa baba zao, yeye, Hamlet na Laertes, ambaye baba yake Polonius ameuliwa na Hamlet, na aliyekiweka kando kisasi ndiye anayebaki hai na kupata ufalme. Afutwe Reynaldo, mtumishi wa Polonius.

Pambano la mwisho huharibika kwa jambo dogo. Hamlet na Laertes wanapigana, upanga wa Laertes umetiwa sumu; panga mbili zinabadilishana mikono, na wa daraja za nyuma hajui ipi ina sumu, basi hafahamu kwa nini Laertes amekufa kwa hila yake mwenyewe. Fungeni kitambaa chekundu kwenye mpini wa ile yenye sumu. Kikombe cha sumu alichoandaliwa Hamlet kiwe cha shaba, ndani juisi ya choya, na lulu anayoitumbukiza Claudius iwe ushanga mkubwa mweupe.

Machi hadi Mei msipange onesho hapa: ni masika, na watazamaji hawana paa.